Daktari Kasema Atembee

Niliporudi dirishani na fotokopi, karani wa kodi alikuwa akimjibu mume wangu.

"Hapana, baba. Mshahara unaokatwa kulipia kodi ya zamani haupunguzi kodi ya sasa. Hata hicho kilichokatwa ni pato lako."

Unaokatwa? Nilidhani tumekuja kufunga faili la saluni yangu iliyokufa, tuliyoiandikisha kwa jina lake. Kumbe deni la kodi la saluni amelibeba peke yake, kimyakimya.

Nikatazama viatu vyake. Soli ya kushoto ilishonwa kwa waya. Siku hizi huenda kiwandani kwa miguu. Eti daktari kamwambia atembee.

Nje, akapunga mkono kunisimamishia basi. Nikaushusha, nikaushika.

"Twende kwa miguu, baba watoto. Hata mimi daktari kaniambia."