Gundi Mlangoni

Mwandishi wa habari kutoka Ulaya aliingia ofisi ya chama cha Kiislamu bila hodi, kamera mkononi. Nje, wafuasi walikuwa wakipiga kelele.

“Mmeshindwa uchaguzi. Sasa mtachoma mji?” alimuuliza mgombea, Bi Zuwena.

“Mwanangu, hapa hatujawasha hata moto wa chai.”

Bi Zuwena alipoinuka kuelekea mlangoni, katibu wake alimzuia. “Usitoke, Bi. Watakuita msaliti.”

“Niliahidi hadharani kwamba tukishindwa, nitabandika matokeo kwa mkono wangu.”

Alitoka na karatasi ya matokeo na gundi, akawapa wafuasi wake mgongo, akaanza kuupaka mlango gundi. Jiwe liligonga ukuta karibu na kichwa chake, na vumbi la chokaa likamwangukia mtandioni. Hakugeuka. Aliendelea kuilainisha karatasi kwa kiganja, mpaka pembe zote nne zikashika.