Ishara ya Mkate

Kondoo wa Cuthbert walikuwa wameingia tena kwenye magofu ya monasteri, naye akawafuata akiwalaani. Ndani ya ukumbi wa kulia, mlimojaa magugu, akamkuta mzee mgeni ameketi juu ya jiwe.

"Vipi mzee mwenzangu, umepotea njia?"

Mgeni aliunganisha vidole gumba vyake na vya shahada, vikafanya duara.

Watawa wa hapa hawakutamka neno mezani; mkate waliuomba kwa ishara hiyo. Miaka thelathini sasa, tangu watu wa mfalme waezue paa na kuwatawanya Cuthbert na watawa wenzake, hakuna aliyemwomba hivyo.

Akaumega mkate wake wa shayiri, akaketi mahali pake pa zamani.

"We Cuthbert!" mkewe akaita kutoka bondeni. "Umeoa kondoo huko?"

Akafungua kinywa amjibu, kisha akakumbuka kuwa yuko mezani.