Mchoro wa Nyumba ya Jirani

Kazi yangu ni kuchora nyumba za mtaa kwenye kompyuta na kuunganisha kila alama na rejesta ya mali: kitanda, jiko, taa, mtu. Sheria naijua kuliko wengi. Chochote kikilala nyumba nyingine wiki nzima, alama yake huhamia kwenye mchoro wa nyumba hiyo. Hairudi mpaka mwenye nyumba hiyo aidhinishe, na ukikichukua kabla, umeiba.

Mama alipofariki, sheria sikuikumbuka. Nilifanya kama tunavyofanya siku zote. Niliazima viti na masufuria, na binti yangu Saumu nikampeleka alale kwa Bi Mwanakombo, jirani asiye na mtoto, ili asikae kwenye vilio.

Tulipoanua matanga, wiki ikiwa imeshapita, nilirudisha viti, kisha nikafungua mchoro wa nyumba yangu. Chumba cha Saumu kilikuwa na kitanda tu. Alama yake niliikuta upande wa pili wa ukuta, kwa Bi Mwanakombo, kwenye chumba ambacho mimi mwenyewe nilikichora kama stoo.

Nilitoka mbio, kanga moja begani.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo. Naomba uniidhinishie Saumu."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba." Alisimama katikati ya mlango. "Nitaidhinisha, kwani haraka ya nini? Ngoja kwanza amalize uji."

Nilichungulia ndani. Saumu alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo kipya. Mezani, bakuli lake lilikuwa limeshaoshwa na kufudikizwa.