Dada wa Mpiga Mishale

"Ni dada yake," mshonaji alisema, akapiga kitabu mezani hadi kopo la kalamu likaanguka. "Imeandikwa, ukurasa wa arobaini. Hamjui kusoma?"

Watu kumi na wawili walijibana katika chumba cha nyuma cha duka la vitabu, na kumi na mmoja walishamchoka. Kila Jumamosi mchana walikutana hapo kubishana juu ya vitabu vinne vya majoka, vya mwandishi aliyejificha nyuma ya jina la kubuni. Leo ugomvi ulikuwa mmoja tu: Mpiga Mishale na Mganga wa Ziwa ni ndugu, marafiki au wapenzi?

"Dada wa kutambulishwa kwa watu tu," muuguzi alimjibu. "Dada gani anasukwa nywele na kaka yake huku wakinong'onezana?"

"Dada anayependwa na kaka yake."

"Wewe una lako jambo."

Kinyozi alicheka. "Mimi namhurumia mke wa Mpiga Mishale. Kaletewa mke mwenza mpaka ndani, naye anamtandikia kitanda. Zuzu kweli yule."

Wakaangua kicheko. Mshonaji alihisi masikio yanawaka moto. Aliwachukia, mmoja mmoja. Hakuwa na haja ya kuwashinda. Alitaka mtu mmoja tu akubaliane naye, hata yule mzee wa posta aliyekuwa akisinzia dirishani.

"Basi tupige kura," alisema.

Mikono kumi na mmoja ilinyanyuka upande wa wapenzi. Mkono wa mzee wa posta ndio uliotangulia.

"Haya, yamekwisha," muuguzi alisema. "Ama unyamaze, ama utafute wenzako. Mwandishi mwenyewe angekuwepo hapa angekucheka."

Mshonaji alikusanya vitabu vyake akatoka bila kuaga.

Nyumbani alimkuta mumewe mezani, akiandika kitabu cha tano. Dada wa mumewe, aliyekuja kuwasalimia kwa wiki mbili miaka sita iliyopita, alikuwa ameinama begani kwake, akisoma ukurasa ambao wino wake haujakauka.

"Umechelewa, wifi," alisema. "Kaka ana njaa."

Mshonaji alivitua vile vitabu vinne mbele yao.

"Wewe ni nani hasa?" alimwuliza wifi yake, na kalamu ya mumewe ikasimama.