Ujumbe wa Tabora

Kwa miezi mitatu mwalimu Wankyo alipanda kilima cha Butiama kila Jumamosi, kujifunza Morse, herufi za milio mifupi na mirefu, kwa Bruda wa misheni mwenye redio ya betri. Bado milio ilimchanganya.

Siku hiyo Bruda aliongea na rafiki yake wa Tabora. Wankyo alishikilia nguzo ya waya wa redio isiangushwe na upepo, akitazama kidole cha Bruda chenye kucha iliyopasuka kikigonga kitufe.

Mara milio ikageuka herufi, herufi zikawa maneno: MWALIMU HANA SIKIO. LEO NITAMWAMBIA AACHE.

Hakukosa hata herufi moja. Furaha ilimjia kwanza; maana ikafuata baadaye.

Bruda akajikohoza. "Mwalimu, kuna jambo nilikuwaga nataka tuongee."

"Huyu wa Tabora bado yupo, Bruda?"

"Yupo."

"Naomba nimjibu mimi."

Akaegemeza nguzo kwenye jiwe, akachuchumaa mbele ya redio, akaanza kugonga polepole. Bruda akachukua penseli amsahihishe, kama kawaida yake. Akaandika herufi moja moja: NIMESIKIA YOTE.

Penseli ikabaki imesimama juu ya karatasi.