Mlango wa Kijani

Makame alikuwa na nyumba tatu za kupangisha, na asubuhi ile alitia saini kuuza moja. Dalali alimshauri aiuze sasa, kwa kuwa bei imepanda na paa linataka matengenezo. Akaenda mwenyewe kumwarifu Bi Mwanahawa, mpangaji wake wa miaka kumi na mmoja.

Alimkuta barazani, anaupaka mlango rangi ya kijani.

"Kila mwaka rangi hii hii, mama?"

"Nuhu alipoondoka, mlango ulikuwa hivi. Akirudi, asije akadhani tumehama."

Nuhu, mwanawe wa pekee, alikwenda kutafuta kazi miaka saba iliyopita, na hajasikika tena.

"Mama, nyumba nimeiuza. Wanunuzi wanaingia mwezi ujao."

Brashi ilisimama. Bi Mwanahawa hakulia.

"Uliwaambia habari ya mlango?"

"Sikujua, mama."

Akachovya brashi tena na kunyoosha mkono, lakini haukufika juu. Makame akavua koti, akaipokea ile brashi, akaanza kupaka.