Hodi kwa Mwalimu Moshi

Kornelio alibisha hodi pale Rasbura, jogoo wa zawadi kutoka Rutamba kwapani, ndipo akagundua kwamba hajui jina halisi la mwalimu.

Alilolijua alilitunga mwenyewe bwenini, siku jaribio la kemia lilipotoa moshi badala ya majibu na kumuunguza mwalimu unyusi wa kushoto. Shule nzima ikalipokea kwa heshima zote.

Sasa mwalimu amestaafu, na Lindi nzima hapakuwa na mwingine wa kumfundisha sayansi kabla ya mtihani wa kuingia Makerere. Kornelio aliitamani Makerere kama mfungaji wa Ramadhani anavyoitamani adhana ya magharibi.

Mlango ukafunguka. Unyusi ule haukuwa umeota tena.

"Shikamoo, Mwalimu Moshi."

Jogoo peke yake ndiye aliyethubutu kukohoa.

"Marahaba," mzee alisema taratibu. "Wenzako hulisema kisogoni. Wa kulisema usoni ni aliyelitunga tu."

"Nisamehe, Mwalimu. Safari hii nataka kusoma. Kweli."

Nyuma ya mzee, ubao mweusi ulikuwa umefutwa safi. Kornelio hakuweza kuuondolea macho.

Mzee akapapasa pale palipokuwa na unyusi, akageuka kuingia ndani, mlango akauacha wazi.

"Na huyo jogoo, padri wa majina, umembatiza nani?"